Kabla ya Dawa Kulikuwa na Mazungumzo: Tororo na Busia Zilivyojifunza Kuponya Kiwewe

Kitabu chenyewe hakikuwa na makuu. Kurasa zake zilikuwa na vichwa vilivyokwisha kuandikwa, na mzazi alijaza nafasi iliyobaki chini yake: siku uliyozaliwa, jina lako na aliyekupa, ulivyokuwa ulipokuwa mdogo, babu na nyanya zako kwa upande wa baba na kwa upande wa mama, mila za nyumbani kwetu, maradhi yangu, matumaini yangu kwako. Kama picha ilikuwepo, ilibandikwa. Mama asiyejua kuandika alisimulia, mtu mwingine akashika kalamu. Na mara nyingine aliyeshika kalamu alikuwa mtoto mwenyewe, akiandika kwa mkono wake habari za mama ambaye bado alikuwa ameketi mbele yake.

Viliitwa vitabu vya kumbukumbu. Viliandikwa katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, wakati mzazi aliyepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI hakuwa na dawa ya kutarajia. Ukimwonyesha mwanasaikolojia wa leo kitabu cha namna hiyo atakwambia hiyo ni tiba, tena tiba iliyokomaa, kwa kuwa humfanya mtu aliyebanwa na hofu aikabili, aipange kwa maneno, na amshirikishe mtu anayempenda. Walioviandika hawakuwa na habari na istilahi hizo. Walitaka mtoto asije akaachwa bila kujua alikotoka.

Naiandika historia hii kwa sababu siku hizi mtu wa Busia akisikia habari za kutibu kiwewe kwa mazungumzo hudhani ni mambo ya Nairobi na Kampala, ya watu wenye pesa, yanayolipiwa kwa saa na kuzungumzwa kwa Kiingereza. Sivyo. Kwenye ukanda huu wa mpaka, kazi ya kuwasikiliza walioumia na kuwarudisha katika maisha ilifanywa miaka mingi na watu wa kawaida, na ujuzi walioujenga ni mali ambayo tunakaribia kuipoteza.

Mpaka wenyewe ulichorwa juu ya watu waliokuwa wamekaa. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda na kuutia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wasamia wakawa wa huku na wa kule, Wateso vivyo hivyo, na misiba, mahari na madeni yakaendelea kuvuka mto Sio na mto Malaba bila kuomba ruhusa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931 ikipitia Malaba na Tororo, na barabara kuu ikafuata njia hiyo hiyo. Malori yanayokwenda Kampala, Kigali na Kongo yakawa yanalala mpakani yakisubiri karatasi za forodha. Katika mji ambao dereva anaweza kulala usiku mmoja au wiki nzima, biashara ya chakula, vitanda na mapenzi hustawi pamoja. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai, kusini mwa nchi. Haikuchukua miaka mingi kabla ya vijiji vya Tororo na Busia kuujua bila kuelezwa na daktari yeyote.

Hata hivyo watu wa hapa walikuwa na njia zao za kushughulikia moyo uliovunjika, na ni makosa kuanza hadithi kwa virusi. Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte alifanya utafiti Bunyole kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Bunyole wakati huo ilikuwa sehemu ya Bukedi. Leo ni wilaya ya Butaleja, jirani kabisa na Tororo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1997 anaonyesha jinsi mtu aliyepatwa na balaa alivyokwenda kwa mpiga ramli pamoja na jamaa zake. Kilichofanyika pale kilikuwa majadiliano. Mpiga ramli alitaja jambo, mteja akakataa au akaongeza, akakumbuka deni la mahari au marehemu ambaye hajatendewa haki yake, mpaka wakafikia sababu ambayo familia ingeweza kuifanyia kitu. Mgonjwa hakuachwa peke yake na mawazo yake, na hakuna aliyemwambia anajifanya.

Serikali ya kikoloni haikuona la kujifunza hapo. Nairobi ilikuwa na nyumba ya wendawazimu tangu mwaka 1910, ile iliyokuja kuwa Mathari. Daktari aliyeiongoza kuanzia mwaka 1938, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai kwamba Mwafrika ana upungufu katika utendaji wa ubongo wa mbele na kwamba sonona ni adimu kwake. Uganda ilifungua hospitali ya Butabika mwaka 1955, nje ya Kampala, yapata kilomita 200 kutoka Tororo. Aliyerukwa na akili kabisa alipelekwa huko. Aliyekosa usingizi kwa huzuni, aliyetetemeka kila akisikia mlango ukigongwa, huyo hakuhesabiwa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1979, John Orley na John Wing walipochapisha utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda, ili idhihirike kwamba sonona vijijini humo ilikuwa nyingi kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Watu walikuwa wakiumia muda wote huo. Waliokuwa na daftari za kuhesabia hawakuwauliza.

Na walikuwa na ya kuwaumiza. Februari 1977 Charles Oboth-Ofumbi, waziri wa Idi Amin na mzaliwa wa Tororo, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Erinayo Oryema. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Kila mtu alijua ni uongo na hakuna aliyethubutu kusema. Familia nyingi za Uganda zilipoteza ndugu katika miaka ile na zikalazimika kulia kimya kimya, zikawafundisha watoto kutouliza. Kizazi kilichokuja kupambana na UKIMWI kilikuwa kimelelewa katika nyumba za namna hiyo, ambamo kifo kilikuwa kitu cha kufichwa. Nadhani hilo linaeleza kwa nini kazi iliyofuata ilikuwa ngumu, na kwa nini ilikuwa na maana kubwa kiasi kile.

Mwaka 1986 Noerine Kaleeba, mkufunzi wa tiba ya viungo hospitalini Mulago, aliitwa Uingereza ambako mumewe Christopher, aliyekuwa masomoni, alikuwa mahututi. Aliambukizwa virusi kwa damu aliyoongezewa miaka michache kabla ya hapo. Huko Noerine aliona wahudumu wakikaa na mgonjwa, wakimshika mkono, wakimuuliza anaogopa nini. Waliporudi Uganda akakutana na kitu kingine: watu waliokataa kumgusa. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huo huo Noerine na kikundi kidogo cha marafiki, wengi wao wakiwa na virusi, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioathirika na UKIMWI. Tororo ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nje ya Kampala kupata kituo chake.

Inafaa tutulie hapa tutazame walichokuwa nacho. Dawa za kupunguza makali hazikuwepo. Walikuwa na dawa za maumivu, za kuhara na za vidonda vya mdomoni, na walikuwa na ushauri nasaha. Mshauri alikuwa mwalimu, muuguzi, mjane, mara nyingine mtu mwenye virusi mwenyewe. Alifundishwa jambo ambalo ni gumu kwa mtu aliyekulia katika jamii yetu, ambapo mkubwa akikuita ni kukupa amri: kunyamaza na kusikiliza. Kutotoa hukumu. Kutunza siri, hata shemeji wa mgonjwa akija kuuliza. Kumwacha mwenye tatizo atafute njia yake huku akisindikizwa na maswali. Nani nyumbani anajua, mama? Nani ungependa ajue kwanza? Ukimwambia, unadhani atafanya nini, na wewe utafanya nini?

Hofu waliyoikuta haikuwa ya kufa peke yake. Mwanamke aliyetoka kupokea majibu aliogopa kufukuzwa na mume, kunyang'anywa shamba na mashemeji, kuonekana na jirani akiingia kwenye lango la TASO. Mwanamume aliogopa kudharauliwa na kushindwa kazi. Usiku moyo ulikwenda mbio, chakula hakikushuka, mwili ukadhoofika kabla ugonjwa haujaudhoofisha. Washauri waliona, kikao baada ya kikao, kwamba hofu ikishapewa jina na ikagawanywa vipande, sehemu yake kubwa huwa na ufumbuzi: wosia unaweza kuandikwa, dada anaweza kuambiwa, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuitwa kama shahidi. Kilichobaki baada ya hapo kiliweza kubebwa. Wenyewe waliliita jambo hilo kuishi kwa matumaini, na mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema ana UKIMWI, miezi michache kabla ya kufa, taifa zima likasikia mtu akiyafanya yale ambayo wateja wa TASO walikuwa wakiyafanya chumbani. Kwa upande wa Kenya mambo yalikwenda taratibu zaidi. Vikundi vya watu wanaoishi na virusi vilikuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, lakini Rais Moi hakutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999.

Jambo moja liliwashinda washauri: watoto. Mzazi aliweza kumwambia mshauri, akaweza kumwambia dada yake, lakini akifika kwa mtoto wa miaka tisa ulimi unakuwa mzito. Atalia. Atawaambia wenzake shuleni. Atanichukia. Basi mtoto alimwogesha mama, akamchemshia uji, akaona anavyokwisha, na kila alipouliza akaambiwa ni malaria.

Wazo la kitabu lilitoka London. Shirika la watoto la Barnardo's lilikuwa likihudumia familia za Kiafrika zenye virusi huko, nyingi za Waganda, na mfanyakazi wake Carol Lindsay Smith akabuni kitabu ambacho mzazi angemwandikia mtoto. NACWOLA, jumuiya ya wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi, ikalichukua wazo hilo katika miaka ya 1990 na kuligeuza kuwa lake. Beatrice Were, mmoja wa waanzilishi wake, ndiye anayetajwa sana kwa kazi hiyo. London kitabu kilikuwa kazi ya mzazi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Uganda kikawa kazi ya kikundi. Akina mama walikaa pamoja, wakafundishana jinsi ya kuanza ukurasa mgumu, wakaliliana, wakacheka pia, maana huwezi kuandika utundu wa mtoto wako bila kucheka.

Tororo iliingia katika historia hii kwa njia ya pekee. Shirika la Plan, likishirikiana na mradi wa utafiti wa Horizons na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, liliichagua pamoja na Luwero kwa utafiti uliotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2001 na ya mwisho mwaka 2004. Wazazi wenye virusi walisaidiwa kuwaambia watoto ukweli, kuandika vitabu vya kumbukumbu, kuchagua mlezi atakayewapokea watoto na kukubaliana naye mapema, kuandika wosia. Watafiti waliwauliza wazazi, walezi na watoto wenyewe. Wazazi waliowaambia watoto wakaongezeka, na waliokwisha kuteua mlezi wakaongezeka. Ukurasa wa ukoo, ambao mtu wa mjini anaweza kuuona kama pambo, ulikuwa na uzito wake: yatima anayejua jina la babu yake na kijiji cha mjomba wake ana mahali pa kudai haki. Ila kwangu mimi kikubwa zaidi ni kile kilichofanyika kabla kitabu hakijakamilika. Mama na mtoto walikaa wakiandika, na ule ukurasa wa maradhi ukafika, na ikabidi usemwe ukweli. Mtoto akauliza: Nani atakaa nasi? Na mama alikuwa na jibu.

Mtoto asiyeelezwa hutengeneza maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli. Wengi hudhani wao ndio waliosababisha kifo, kwa sababu siku ile waligoma kuchota maji. Kiwewe hukaa vipande vipande: harufu ya chumba, sauti ya kikohozi, jeneza likipita mlangoni. Kinarudi usiku bila kualikwa. Kukisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mtu anayesikiliza bila kushtuka, hukipa mahali pa kukaa.

Miaka kadhaa baadaye jambo hilo lilipimwa kwa ukali wa kisayansi, tena si mbali na hapa. Bungoma, inayopakana na Busia ya Kenya, na Moshi nchini Tanzania, zilikuwa na mpango ulioitwa Pamoja Tunaweza. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata huduma ya kawaida na nusu wakaingia katika vikundi vilivyokutana mara 12. Kwa upande wa Kenya shirika la Ace Africa lilishiriki katika kazi hiyo. Waliowaongoza watoto hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walijifunza kwanza kupumua kwa tumbo na kulegeza mwili, wakajifunza kutambua hisia na mawazo yao, kisha wakasimulia kifo cha mzazi kidogo kidogo, na mwisho wakazungumzia mema ya kukumbuka. Walezi nao walikuwa na vikao vyao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Huko Bungoma, mjini na mashambani, watoto waliopitia vikundi hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao, na tofauti ilikuwepo bado baada ya mwaka mmoja. Moshi tofauti hiyo haikudumu, kwa kuwa hata waliopata huduma ya kawaida walipata nafuu. Nikisoma orodha ya hatua za mpango ule naona kurasa za kitabu cha kumbukumbu, zikiwa zimepangwa upya na watu wenye shahada.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 dawa za kupunguza makali zikafika. Tororo na Busia ya Uganda zikawa uwanja wa mradi mkubwa wa TASO na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC. Kwa kuwa wagonjwa wengi walikaa mbali na nauli ilikuwa ghali, wahudumu walipanda pikipiki wakapeleka dawa nyumbani kwa mgonjwa kila wiki, wakimuuliza maswali ya afya yake. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2008: vifo vya watu wazima wenye virusi vilipungua kwa asilimia 95, vya watoto wao wasio na virusi kwa asilimia 81, na idadi ya waliotarajiwa kuwa yatima ikakadiriwa kupungua kwa asilimia 93. Sina maneno ya kulikuza jambo hilo kuliko takwimu zenyewe. Akina mama waliokuwa wameandika vitabu vya kuagana wakaamka asubuhi wakiwa na nguvu za kulima.

Lakini mazungumzo yalibadilika. Mshauri ambaye zamani aliuliza unaogopa nini akaanza kuuliza umebakisha vidonge vingapi. Kliniki zilijaa, wafadhili walitaka hesabu ya waliopimwa na wanaotumia dawa ipasavyo, na saa moja ya kukaa na mtu haikuwa na safu yake katika jedwali. Si kosa la washauri. Hata hivyo waliopona mwili hawakuwa wamepona yote: walikuwa wamezika waume, watoto, ndugu, wakajiandaa kufa, kisha wakaambiwa waendelee na maisha kana kwamba hakuna lililotokea. Daktari wa akili Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere aliliona pengo hilo. Katika wilaya za Kitgum, Pader na Gulu alifundisha wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya kuongoza vikundi vya watu wenye virusi na sonona: vikao vinane vya kusimulia yaliyowapata, kujifunza njia za kustahimili na kutatua matatizo, kisha stadi za kujipatia kipato. Utafiti wake wa vituo 30, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba miezi sita baada ya tiba ni chini ya asilimia 1 ya waliokuwa katika vikundi hivyo waliokuwa na sonona kali, dhidi ya asilimia 28 ya waliopewa elimu ya afya peke yake.

Mpaka nao uliendelea kupokea majeraha ya wengine. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipopamba moto, maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia wakiwa na walichoweza kubeba. Wengine walijihifadhi katika makanisa na shule, kisha wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye Kiryandongo. Watu wa Tororo waliwapokea wakijua vizuri jinsi mtu anavyokuwa anapokimbizwa na jirani yake.

Mbinu mpya zaidi, ya kuutuliza moyo kwa kuurudisha kwenye wakati uliopo, pia ilijaribiwa Uganda na watu waliokimbia vita. Katika kambi ya Rhino, magharibi mwa mto Naili, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020. Wale wa vijiji vilivyopata mpango waliketi katika vikundi vya watu 20 hadi 30, mara moja kwa wiki kwa wiki tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, huku mwongozaji asiye mtaalamu akisaidia. Miezi mitatu baadaye walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao.

Zoezi la kwanza linaweza kufanywa na mtu yeyote, hata mwenye duka anayesubiri mteja. Mawazo yanapokuvamia usiyafukuze. Tambua tu kwamba yapo: moyo unadunda, ninakumbuka usiku ule. Kisha punguza kasi. Kandamiza nyayo zako chini taratibu, nyosha mikono, vuta pumzi na uitoe polepole. Halafu tazama ulipo. Unaona nini? Mlango wa bluu, kuku, beseni. Unasikia nini? Pikipiki, redio ya jirani. Mawazo hayajaondoka, ila umepata pa kusimama ili uendelee na kazi iliyo mbele yako. Anayeswali au kusali rozari hataliona zoezi hili geni sana, ingawa halidai imani yoyote.

Nalipenda zoezi hilo, lakini sitaki liuzwe kama dawa ya umaskini. Katika vijiji vya Nakuru watafiti wakiongozwa na Johannes Haushofer walilinganisha wiki tano za mazungumzo ya kutatua matatizo na msaada wa fedha taslimu. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya moyo; waliopewa mazungumzo peke yake hawakuonyesha badiliko lililopimika. Ni matokeo machungu na yanapaswa kusemwa. Mjane anayetishiwa kunyang'anywa shamba anahitaji wosia, shahidi na mahakama, na pumzi ndefu itamsaidia kuifikia mahakama hiyo. NACWOLA na TASO walilijua hili tangu mwanzo, ndiyo maana kitabu, mlezi na wosia vilikwenda pamoja.

Sheria zimeanza kufuata. Uganda iliachana na sheria yake ya kikoloni ya matibabu ya akili kwa sheria mpya ya mwaka 2018, na Kenya ilirekebisha yake mwaka 2022. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Lakini mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Washauri wengi waliolipwa na miradi, Uganda na Kenya, wakaachishwa kazi, na wizara ya afya ya Uganda ikaagiza kliniki za virusi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kuunganisha si jambo baya. Kunapunguza unyanyapaa wa lango. Hatari ni kwamba katika foleni ya wagonjwa wa malaria na mafua hakuna kiti cha mtu wa kusikiliza.

Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa rasmi mwaka 2023 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Uganda ina timu zake za afya za vijiji. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inapatikana bure. Wanaokosekana ni wakufunzi wanaozijua lugha na nyumba za hapa, na hao tunao: washauri wa TASO waliostaafu, akina mama wa NACWOLA waliofundishana kuandika ukurasa mgumu, wahudumu wa pikipiki wa 2003. Ofisi ya afya ya wilaya huko Tororo, na wenzao wa Busia zote mbili, waanze kwa kuandika orodha ya majina yao na vijiji wanakokaa, kisha wawalipe kama wakufunzi wanavyolipwa. Wengi bado wanaweza kufundisha, na majirani zao wanawajua.